Karo Hulipwa na Nani?

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa njia ya Mombasa, ukageuka kulia karibu na Mto Athi na kushika barabara iendayo Namanga, mji wa kwanza mkubwa utakaoukuta ni Kitengela. Siku hizi ni mji wa maduka, mabenki, magari na nyumba za ghorofa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wakazi wake walizidi 150,000. Lakini wangali hai wazee waliochunga ng'ombe mahali zinaposimama nyumba hizo, na ambao kila mwaka waliwaona nyumbu na punda milia wakitoka katika mbuga ya Nairobi kwenda kutafuta malisho kusini. Ukiendelea mbele utapita Isinya, kisha utafika Kajiado, mji uliokua kando ya reli ya Magadi, iliyojengwa baina ya mwaka 1911 na 1915.

Ukiuliza ni kitu gani kilichoibadili nchi hii upesi hivyo, utapewa majibu mengi. Utaambiwa habari za viwanda, za barabara, na za watu wa Nairobi waliotafuta viwanja vya kujenga. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini iko sababu nyingine, ambayo kila jamaa ya Kajiado inaijua ingawa haitajwi mara nyingi vitabuni, nayo ni karo. Katika insha hii nataka tufuate historia ya karo ya chuo kikuu, tuone ilivyolipwa na nani, na deni lake lilivyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Tukifika mwisho tutakuwa tumejifunza jambo moja: elimu ya bure haijapata kuwako. Siku zote yuko aliyelipa; kilichobadilika ni mkono uliotoa fedha.

Tuanze na mali ya wenyeji. Mmasai wa zamani hakuweka akiba yake benki, aliiweka malishoni. Ng'ombe walikuwa chakula chake, mahari yake, heshima yake na bima yake. Ardhi haikuwa ya mtu mmoja. Baada ya mikataba ya mwaka 1904 na 1911, Waingereza walipowahamisha Wamasai kutoka sehemu kubwa ya nchi yao, Kajiado ilikuwa ndani ya eneo la kusini walilotengewa, na humo kila ukoo ulilisha pamoja kwa kufuata mvua. Haja ya fedha ilipotokea, mzee alichagua dume mmoja akampeleka mnadani. Mwaka 1950 iliundwa Halmashauri ya Nyama ya Kenya, ambayo kiwanda chake kiko Mto Athi, jirani na Kitengela. Hivyo ng'ombe aliyetembea kutoka Kajiado aliweza kugeuka shilingi, na shilingi hizo zikageuka vitabu na sare za shule.

Lakini chuo kikuu kilikuwa mbali. Kwa muda mrefu kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya juu alitazama Makerere, chuo kilichoanzishwa Uganda mwaka 1922. Nairobi ilipata Chuo cha Ufundi cha Kifalme kwa hati ya mwaka 1951, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1956. Nafasi zilikuwa chache mno, na waliotaka kusoma ng'ambo walihitaji fedha nyingi. Kwa hiyo mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo ya elimu ya juu kwa wale waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, katika nchi kama Uingereza, Marekani, India na Afrika Kusini. Angalia jambo hili vema, msomaji: mkopo wa mwanafunzi katika Kenya ni mzee kuliko uhuru wenyewe.

Wengine walipata njia kwa mchango. Mwaka 1959 Tom Mboya, kwa msaada wa marafiki wa Marekani kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, alipeleka wanafunzi 81 kwa ndege moja wakasome huko. Mwaka uliofuata mfuko wa jamaa ya Kennedy uliahidi dola 100,000 ili safari hizo ziendelee. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi za masomo, na huku nyumbani jamaa na majirani walichanga fedha za matumizi. Hapo pia hapakuwa na bure: aliyelipa alikuwa Mmarekani aliyetoa sadaka, na mwanakijiji aliyeuza mbuzi.

Kajiado ina mfano wake. George Saitoti, ambaye baadaye aliwakilisha Kajiado Kaskazini bungeni tangu mwaka 1988 hadi kifo chake mwaka 2012, alikwenda Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, mwaka 1963 kwa msaada wa masomo. Akapata shahada ya udaktari ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1972, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwisho akawa Makamu wa Rais. Kijana mmoja akilipiwa karo na watu asiowajua anaweza kurudi akawa mwalimu wa maelfu. Hiyo ndiyo hoja ya wale wote waliopata kusema kwamba karo ni mbegu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, serikali mpya ilihitaji upesi madaktari, waalimu, mainjinia na mabwana shauri. Kwa hiyo ililipa yenyewe gharama zote za chuo kikuu: mafunzo, malazi, chakula, hata fedha za mfukoni. Mwanafunzi kwa upande wake alitakiwa kuitumikia serikali muda wa miaka 3 baada ya kuhitimu. Wengi wakakumbuka sehemu ya kwanza ya mapatano hayo na kusahau ya pili. Likazaliwa neno "bure." Nalo halikuwa kweli, kwa maana aliyelipa alikuwa mlipa kodi, na miongoni mwa walipa kodi hao walikuwamo wafugaji wa Kajiado ambao hawakuwa na mtoto hata mmoja chuoni.

Wanafunzi walipozidi, hazina ilianza kulemewa. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Mwanafunzi alipokea fedha za karo na matumizi, kwa ahadi ya kuzirudisha atakapopata kazi. Mpango huo uliingia matatani tangu mwanzo, kwa sababu mbili. Kwanza, haukuwa na sheria ya kutosha ya kuwadai waliokopa. Pili, na hili ndilo kubwa, wanafunzi na wazazi wao waliudhani mkopo ule kuwa zawadi ya serikali. Basi mamia wakahitimu, wakaajiriwa, wakajenga, wakaoa, na deni likalala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Fedha ambazo zingerudi zimsomeshe mdogo wao hazikurudi.

Mzigo ukawa mzito zaidi. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na mwaka 1990 wanafunzi wake wa kwanza waliingia vyuoni. Wakati huohuo Benki ya Dunia na wafadhili wengine waliihimiza serikali ipunguze matumizi. Ndipo mwaka 1991 ikaagizwa kwamba wanafunzi na wazazi wachangie gharama za chuo kikuu. Wanafunzi waligoma na kuandamana, lakini agizo halikufutwa. Katika miaka iliyofuata, karo ya mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali ikasimama kwenye shilingi 16,000 kwa mwaka, kiasi kilichodumu muda mrefu sana. Mwaka 1995 Bunge lilitunga sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Safari hii mkopo ulikuja na meno yake: riba ya asilimia 4 kwa mwaka, amri kwa waajiri kukata mishahara ya wadaiwa, na faini kwa wasiolipa.

Sasa turudi Kitengela, tuone agizo la mwaka 1991 lilimkuta mfugaji katika hali gani.

Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya ranchi za vikundi, ambayo iliwapa Wamasai haki ya kumiliki ardhi kwa pamoja kwa hati iliyoandikwa. Lakini ushirika huo haukudumu. Wanachama walihofu kwamba wachache wenye nguvu wangejitwalia sehemu kubwa, na vijana walitaka hati zao wenyewe. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Kila mwanachama akapata ekari zake na karatasi yake. Mwaka 1990 ikaanzishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nchi za nje, na viwanda vya namna hiyo vikajengwa Mto Athi. Wafanyakazi wakaja kwa maelfu wakitafuta mahali pa kulala, na bei ya ardhi ikapanda.

Tazama basi jinsi mambo haya matatu yalivyokutana. Mzee alipewa hati ya ardhi. Baada ya miaka 3 akaambiwa achangie karo ya chuo. Na mlangoni pake akasimama mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi. Zamani, barua ya chuo ilipofika, angeuza ng'ombe. Lakini ng'ombe huuzwa vizuri wakati wa mvua, na chuo hakingoji mvua. Katika ukame mkali wa mwaka 2008 na 2009 makundi mazima ya Kajiado yaliangamia, na mnyama aliyebaki, mbavu zake zikihesabika, hakupata bei. Balaa hilo lilirudi katika ukame ulioanza mwaka 2020 ukaendelea mpaka mwanzoni mwa 2023. Katika miaka kama hiyo kitu pekee kilichokuwa na bei nzuri ni ardhi. Wengi wakakata ekari moja, kisha mbili, kisha tano. Karo haikuwa sababu ya pekee, maana wako waliouza kwa ajili ya maradhi, na wako waliouza kwa anasa. Lakini ilikuwa sababu ambayo hakuna mzazi aliyeionea haya.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Ng'ombe akiuzwa, ndama wake hubaki. Ardhi haizai ardhi nyingine. Mtoto mmoja akisomeshwa kwa ekari, na ekari zikaisha, wadogo zake watasomeshwa kwa nini?

Wako watu waliolifikiri swali hilo. Mwaka 2000 ulianzishwa Kitengela mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili waache njia ya wanyama wa pori wazi. Mwenye ardhi aliahidi kutoweka uzio, kutochimba mawe, kutogawa wala kuuza sehemu yake. Naye akalipwa kiasi cha shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Waliopanga mpango huo waliwasikiliza wenyeji kwa makini, kwani malipo yaligawanywa mara 3 kwa mwaka, ili yafike wakati shule zinapofunguliwa. Tufanye hesabu. Mzee mwenye ekari 100 alipata shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kila muhula. Ekari 54 zilitosha kulipa ile karo ya chuo kikuu ya shilingi 16,000, na mwisho wa mwaka ekari zote zilikuwa zingali zake. Kweli, fedha hizo hazikutosha kwa chakula na malazi ya mwanafunzi, na mpango wenyewe ulitegemea wafadhili, ambao mifuko yao si chemchemi isiyokauka. Hata hivyo ulionyesha kwamba ardhi inaweza kulipa karo bila kuuzwa. Nyumbu, ambaye hajui kusoma, alisaidia kuwasomesha watoto wa Kitengela.

Njia nyingine zilifunguliwa pia. Tangu mwaka 2003 mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi umekuwa ukitoa misaada ya karo, iitwayo basari. Na baada ya katiba ya mwaka 2010, serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013, pamoja na ya Kajiado, nazo zikaanza kutoa. Harambee haijafa, na vyama vya akiba na mikopo hukopesha wanachama wake. Lakini gharama nazo ziliongezeka. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia gharama zote, na vyuo vingine vikafuata. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango mpya: gharama kamili ya kila somo ielezwe, kisha igawanywe baina ya msaada wa serikali, mkopo, na jamaa ya mwanafunzi, kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2024 jamaa ziligawanywa katika madaraja 5. Ya kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5, na ya tano asilimia 40. Desemba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo ulikwenda kinyume cha katiba, na shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufani. Mfugaji anaweza kuuliza kwa haki: uwezo wangu utapimwaje? Leo nina ng'ombe 80, na ukame mmoja ukipita nitakuwa na 8. Nina ardhi ya thamani kubwa, lakini mfukoni sina nauli ya kwenda mjini.

Mwanafunzi wa leo, basi, anaweza kuwa na madeni mawili, na ni vema usiyachanganye. La kwanza ni deni la chuo, yaani salio la karo lisilolipwa muhula ulipokwisha. La pili ni deni la Bodi ya Mikopo, ambalo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Deni la chuo hukua kimya kimya. Salio dogo la muhula wa kwanza huchukuliwa mpaka wa pili, na mwanafunzi kwa haya huacha kupita karibu na ofisi ya fedha. Kisha wakati wa mtihani hufika, akaona jina lake halimo katika orodha ya wanaoruhusiwa. Na akifanikiwa kufanya mtihani, bado siku ya mahafali inamngoja, kwa kuwa asiyemaliza karo kwa kawaida hapewi cheti. Hebu fikiri juu ya mzazi aliyeuza ekari tatu kwa ajili ya cheti, na cheti kimefungiwa kabatini kwa ajili ya salio la bei ya ng'ombe mmoja. Na bila cheti, kijana atapata wapi kazi ya kulipia salio?

Deni la Bodi nalo huwaumiza wanaolikimbia. Faini ya asiyelipa iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja hiyo ni shilingi 60,000, nacho ndicho kiasi kikubwa kabisa ambacho kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kukopeshwa kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mwaka mmoja wa kujificha uligharimu sawa na mwaka mmoja wa kusoma. Wapo waliokimbia kwa ukaidi, na wapo waliokosa kazi kabisa, faini haikuwatenga. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini havipaswi kuzidi mkopo wenyewe. Bodi nayo mara kadhaa imewasamehe faini, au sehemu kubwa yake, wale waliojitokeza na kulipa deni lote kwa mara moja. Hiyo ni dalili kwamba mdai mwenyewe hutamani zaidi kumwona mdaiwa uso kwa uso kuliko kumwandikia faini.

Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa hiyo, msomaji, siku utakapofika chuoni, fanya mambo haya. Weka daftari la karo yako, uandike kila shilingi iliyolipwa na siku yake. Hifadhi kila stakabadhi, kwani makosa ya hesabu hutokea, na asiye na stakabadhi hana shahidi. Ukiona salio, nenda ofisi ya fedha kabla hujaitwa, uombe kulipa kidogo kidogo, na mapatano hayo yaandikwe. Omba basari mapema, maana mifuko ina siku zake za kufungwa. Na ukikopa, mwambie mzazi wako kiasi ulichokopa. Asije akauza ardhi kwa kulipa karo ambayo mkopo umekwisha kuilipa.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa taifa zima, historia hii ina fundisho kubwa zaidi. Mpango wa mwaka 1974 haukushindwa kwa sababu watu walikuwa wabaya. Ulishindwa kwa sababu aliyelipa hakuonekana. Mtu hukumbuka kulilipa deni la jirani yake kwa kuwa humwona kila asubuhi. Deni la hazina halina uso. Lakini tukilitazama vizuri, tunauona uso wake: ni wa msichana aliye darasani sasa Isinya au Bissil, ambaye zamu yake ya kukopeshwa itafika wakati fedha ulizokopeshwa wewe zitakapokuwa zimerudi.

Ukipita tena katika barabara ya Namanga, tazama nyumba za Kitengela upande huu na huu. Baadhi ya viwanja vile vilikuwa malisho, na malisho yale yakawa karo. Mahali fulani yuko daktari, au mwalimu, au mwanasheria, ambaye ndani yake mna ekari za baba yake. Ardhi ile hairudi. Kitu kinachoweza kurudi ni manufaa yake, na hayo yamo mikononi mwa yule aliyesomeshwa.